Bakteria wa Mchumba Wangu Wamefanana na wa Mwanamke wa Jumatano

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijarudisha pete, maana nina sistiki fibrosisi, ule ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi kuwa mazito kama gundi, na mchumba wangu, fundi saa, anao pia, na kliniki imetukataza wagonjwa kukaribiana tusije tukapeana bakteria, kwa hiyo kila mtu ana siku yake, na uchumba wetu tunaulea kwa simu, yeye kasimama ng'ambo ya barabara, mimi dirishani, tunapungiana kama watu wanaoagana stesheni.

Sasa juzi daktari katundika picha ukutani kutuonyesha jinsi maabara inavyokatakata vinasaba vya bakteria wa kila mgonjwa mpaka inatoka mistari kama ile ya kwenye pakiti ya sabuni, majina hakuna, namba tu, akasema mistari ikifanana ujue bakteria ni wa ukoo mmoja, nami namba ya mchumba naijua, hata meseji zake humalizia "wako, Saba", nikatazama, mshauri: Saba na Kumi na Mbili sare kama soksi! Mistari yangu haifanani na ya mtu yeyote.

Jumatano nikajibanza karibu na kliniki, nesi akaita "Kumi na Mbili!", akainuka msichana mrembo, ana mwanya kama wa mchumba wangu (hata meno wameshafanana!), na aliyemshikia mkoba ni nani? Mama mkwe wangu mtarajiwa! Tena anamwambia, "Mwanangu, vaa barakoa vizuri." Nikampigia Saba: "Kumi na Mbili ni nani wako?" Akacheka: "Si huyo anayenimalizia maji ya moto kila asubuhi!" Anakiri bila haya! Nikakata simu. Pete niitume kwa posta au niirushe dirishani?

Yatima wa Mistari

JIBU

Yatima, pole kwa kifua, lakini hata hiyo akili ipelekwe maabara. Umeandika mwenyewe kwamba ugonjwa ni wa kurithi. Mwanya mmoja, mama mmoja, bafu moja: huyo ni dada yake wa tumbo moja! Wanakoholeana nyumba moja tangu utotoni, bakteria watakosaje kufanana? Uchumba mzima mko kwenye simu, mlikuwa mnaongea nini hata usijue mkweo ana watoto wangapi?

Nimemuuliza daktari wa mapafu, kacheka mpaka kakohoa yeye. Anasema hata mistari ikifanana, haisemi nani kampa nani. Sinki moja tu linaweza kuwagawia wote.

Sasa itazame tena hiyo picha. Mistari yako iko peke yake, nawe umeona aibu. Maana yake fundi wako, jua na mvua, hajavuka ile barabara hata siku moja. Wapo wanaoapa kuvuka bahari kwa ajili ya mapenzi. Wako kapenda mpaka kajizuia kuvuka lami. Mwanaume huyo unataka kumrushia pete?

Mpigie leo, umtake radhi. Koma kujibanza kliniki siku isiyo yako, huko ndiko utakakookota bakteria wa watu. Na swali la maana, la ndoa isiyo na dirisha katikati, mpelekeeni daktari wote wawili, kila mtu kwa siku yake, kabla ya kuchagua kitanda.

Wifi yako msalimie. Kwa mbali.