Koti la Mtutu

Jumatatu, 3 Februari

Sufuria kubwa arobaini na tatu leo. Hakuna mtu katika nyumba ile ya wazee, wala Kista nzima hapa Uswidi, anayesugua sufuria haraka kama mimi. Mpishi mkuu amekubali mwenyewe. Au karibu akubali.

Saa kumi nikatoka, moja kwa moja klabuni. Ukumbi uko chini ya shule, mrefu kama handaki, mita kumi hadi kwenye shabaha. Bunduki za upepo tu. Nimepiga risasi sitini. Mbaya. Kosa si langu, ni la mtutu. Mwembamba, mrefu, ukiugonga kwa kucha unalia ting. Kinacholia kinatikisika, na kinachotikisika hakipigi mahali pamoja mara mbili. Hilo nimeligundua mwenyewe. Göran naye alikuwa ameshalisema, lakini kwa Kiswidi.

Göran ndiye mwenyekiti wetu. Mzee mkavu, fundi mitambo mstaafu. Leo kabandika orodha ya timu ya kupambana na Väsby tarehe 15. Watu wanne, wote waliopita miaka hamsini. Jina la nne ni langu. Miaka sita klabuni, mara ya kwanza. Limeandikwa kwa penseli, na mbele yake kuna alama ya kuuliza.

Alama hiyo imeniudhi mpaka nafika nyumbani Husby.

Jumatano, 5 Februari

Bomba la kaboni limefika. Jeusi, linang'aa, jepesi kama bua kavu la mtama. Nimejaribu kulikunja juu ya goti. Goti limeuma, bomba halikujua kama limeguswa.

Kazi yake: unalivalisha mtutu kama koti. Kati yake na chuma inabaki nafasi ndogo, chini ya milimita moja, unaijaza gundi. Ikikauka vinakuwa kitu kimoja. Mtutu haulii tena. Hautikisiki.

Mke wangu Mwajuma kauliza kwa nini mtutu uvae koti na mimi bado natembea na jaketi lililopasuka. Kazini nimewaambia limetoka kiwanda cha ndege, wameniletea nilifanyie majaribio. Wameamini wawili.

Alhamisi, 6 Februari

Göran kasema kwanza tupime mtutu ukiwa uchi, ndipo tujue koti limesaidia nini. Bunduki juu ya mifuko ya mchanga, isitegemee mkono wa mtu. Kadi tano, risasi kumi kila kadi.

Kadi moja ilitoka vizuri, tundu dogo kama ukucha wa kidole gumba. Nikaitia kwenye pochi. Nne nikatupa. Göran akaenda kwenye pipa la taka, akaziokota, akazinyoosha kwa kiganja juu ya meza moja baada ya nyingine. Zote nne, matundu yamesambaa ukubwa wa sarafu ya kroni moja.

"Ukichagua, hujapima," akasema. Akanyoosha mkono nitoe na ile ya pochini.

Mzee yule hana adabu. Nimeitoa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefungua skrubu mbili, mtutu ukatoka. Nimeusugua kwa msasa, nikaufuta kwa spiriti. Nimeziba midomo yote miwili kwa nta, gundi isije ikaingia ndani. Gundi ni ya vichupa viwili, unachanganya sawa kwa sawa. Kikaratasi kinasema saa ishirini na nne mahali pa joto. Joto likizidi, gundi inakuwa kama jiwe.

Mwajuma kanusa kichupa. Kasema gundi hiyo haikauki nyumbani kwake. Kwenye roshani ni nyuzi hasi tisa.

Nimekaa nikafikiri. Mimi niliishia darasa la tano, lakini akili haina darasa. Chini ya jengo, pembeni ya mashine za kufulia, kuna chumba cha kukaushia nguo. Feni ya moto kama Dodoma mwezi wa kumi.

Jumapili, 9 Februari

Nimejiandikisha zamu ya kufulia ya mwisho ya leo na ya kwanza ya kesho. Usiku kati yake hakuna mtu. Nimechanganya gundi hukohuko, nimevalisha koti polepole huku nalizungusha, gundi ikatoka sawa pande zote. Mtu angeona angenilipa kiingilio. Nimefunga utepe mweusi juu na chini, nimeutundika kwenye kamba wima, na jiwe la mzani chini usipinde.

Nikaona bora niweke karatasi. Hapa watu wanapenda karatasi. Nikaandika kwa Kiswidi safi: Usiguse. Huu ni mtutu wa bunduki yangu, unaboreshwa. Nikatia sahihi, jina kamili, ghorofa ya nne.

Nimelala vizuri.

Jumatatu, 10 Februari

Nimerudi kutoka kazini nikakuta magari mawili ya polisi mlangoni. Mtutu hakuna. Karatasi hakuna.

Aliyeukuta ni Bibi Marisol wa ghorofa ya pili, Mchile, alishuka kabla ya zamu yake na mashuka yake. Simlaumu. Mtu kaenda kuanika mashuka kakuta bomba jeusi linaning'inia, limezibwa midomo, na jina langu chini yake.

Tatizo si mtutu. Tatizo ni kwamba polisi walipita mlango kwa mlango kuuliza mimi ni mtu gani. Na kila mlango una hadithi yangu. Marisol nilimwambia nilimpiga chui usiku, hatua mia tatu, kwa kusikia pumzi yake tu. Mwanzoni zilikuwa hatua hamsini, zimeongezeka zenyewe. Mweritrea wa ghorofa ya tatu nilimwambia nilikuwa mdunguaji vita vya Kagera. Yule wa mkabala nilimwambia risasi zangu nazitengeneza jikoni. Wote ni majirani wazuri. Wote wamesema kweli: wamesema nilichowaambia.

Ngazini nilizisikia zote pamoja, askari anazisoma kwenye daftari lake. Moja moja zinachekesha. Zikipangwa hivi zinatisha. Hata mimi nilimwogopa huyo mtu.

Wamechukua na sehemu ya bunduki iliyobaki nyumbani. Nihojiwe Jumatano. Wakauliza kama nataka mkalimani. Nina miaka ishirini na mbili nchi hii, Kiswidi kinanitosha. Lakini nikasema nataka. Kwa Kiswahili hakuna mtu aliyewahi kunishinda kwa maneno.

Jumanne, 11 Februari

Sufuria ishirini tu. Mpishi mkuu kauliza kama naumwa.

Göran nimempigia. Kasema mtutu ukivuliwa na kurudishwa lazima bunduki ilengwe upya, kwa hiyo bila bunduki mpaka Ijumaa jioni atalifuta jina langu. Hakusema kwa ubaya. Kumbe jina lililoandikwa kwa penseli linafutika bila kuacha alama.

Mwajuma hasemi nami tangu jana. Jioni akaweka chai mezani. "Waambie ulikuwa nani," akasema. "Mimi namjua, hana ubaya."

Anajua kwa sababu alikuwa analeta mchicha pale kwenye kambi ya jeshi nilikokuwa. Ndiko tulikokutana.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumatano, 12 Februari

Chumba kidogo, meza, simu katikati. Askari mwanamke, nywele za kusuka, mpole. Mkalimani kwenye simu. Akaanza ile sala yao: anafasiri kila kinachosemwa, haongezi, hapunguzi, na amefungwa na sheria asimwambie mtu yeyote.

Ni Mama Njeri.

Sauti ile siikosei. Mkenya wa Upplands Väsby, Krismasi nzima alinipakulia chapati na kuku huku nikimmaliza chui mbele ya watu thelathini. Alicheka mpaka akafuta machozi. Sasa yuko kwenye simu, sauti imenyooka kama rula. Na yeye alinijua. Nilipotaja jina akaniomba nilirudie, ndipo akalifasiri.

Ningeweza kukataa, nitake mkalimani mwingine. Askari alisema haki hiyo ninayo, ila miadi mingine ni wiki ijayo. Wiki ijayo Väsby imepita.

Nikasema tuendelee.

Askari akauliza. Mama Njeri akafasiri: "Umewaambia majirani kwamba ulikuwa mdunguaji katika vita vya Kagera. Ni kweli?"

Kiswahili changu chote kilikuwa pale mdomoni, tayari. Kona ngapi ningeweza kukata. Kisha nikaona askari ameandika mwaka wangu wa kuzaliwa na mwaka wa vita, mmoja juu ya mwingine, na chini yake namba sita. Nilikuwa na miaka sita.

"Si kweli," nikasema. "Nilikuwa kambini baadaye, jikoni. Msaidizi wa mpishi."

Akafasiri. Kwa Kiswidi ilikuwa fupi zaidi.

Askari akauliza nimewahi kupiga bunduki ya kweli mara ngapi. Risasi tatu. Siku moja walituruhusu wapishi tujaribu. Shabaha ilikuwa mbele ya kilima, na zote tatu zilikipata kilima.

Na chui?

"Chui sijamwona. Nilimwona fisi mmoja, anakula maganda ya viazi nyuma ya jiko. Nilikimbia."

Hapo sauti ya Mama Njeri ilitetemeka. Sijui ni kicheko au nini. Akarudia mara ya pili, sawasawa, na akafasiri mpaka maganda ya viazi.

Baada ya hapo nikaeleza bomba, gundi, joto, mitikisiko ya mtutu. Kwa dakika ishirini. Yote kweli, neno kwa neno. Askari alisikiliza kuliko mtu yeyote aliyewahi kusikiliza habari za chui.

Kwa jumla sikujisifu hata mara moja. Nimechoka kama niliyebeba mizigo.

Alhamisi, 13 Februari

Wamenirudishia vyote. Bunduki ya upepo, nguvu yake ndogo, kibali haihitaji. Ila nisiache vipande vyake mahali pa watu wote, tena kamwe. Nimekubali. Wenye jengo nao wameleta barua ya onyo. Haki yao. Nimeshuka kwa Bibi Marisol na maandazi ya Mwajuma, nikamwambia ni bunduki ya mchezo, na kwamba mimi naosha sufuria. Akasema sufuria alijua.

Gundi imekauka vizuri ajabu. Stoo ya polisi nadhani ina joto. Katika Uswidi nzima ni mtutu wangu peke yake uliokaushwa chini ya ulinzi wa serikali. Hili ni kweli, na nitalisema popote.

Nimeurudisha, skrubu mbili. Nimeugonga kwa kucha. Hakuna ting. Tup, kama kugonga mti mbichi.

Klabuni risasi za kwanza zilitua chini kushoto, nje kabisa. Nikataka kulia. Göran akazungusha skrubu ya kulengea mpaka zikarudi katikati. Kisha mifuko ya mchanga, kadi tano, risasi kumi kila moja. Kadi nne, tundu moja tu, ukubwa wa punje ya mahindi. Ya tatu imefunguka kidogo, punje mbili kando kwa kando. Sijui kwa nini. Göran naye hajui.

Alinitazama nitafanya nini na ile ya tatu. Nikaiweka na wenzake.

Akatoa kifutio, akafuta ile alama.

Jumamosi, 15 Februari

Väsby wametushinda kwa pointi mbili.

Mimi wa tatu katika timu yetu. Alama zangu za juu tangu nianze. Hapo sasa nimesimama, hakuna mifuko ya mchanga, na risasi ikienda pembeni najua ni nani aliyeipeleka. Zamani kulikuwa na mtutu wa kulaumu. Imenisumbua mpaka risasi kama ya ishirini, halafu nikazoea.

Göran kanipa mkono. Kavu kama msasa.

Jumapili, 16 Februari

Sherehe ya mtoto mchanga, nyumba ya Mkongo, Hjulsta. Watu wengi, wali, ndizi, muziki. Mama Njeri alikuwepo. Tulisalimiana kama kawaida. Hakuniangalia zaidi wala pungufu.

Baada ya kula baba wa mtoto akasema, "Papa, utuambie ile ya chui." Wakavuta viti.

Mama Njeri akainuka, akachukua jagi la maji lililokuwa bado limejaa, akaelekea jikoni. Ilinichukua muda kuelewa. Sheria imemfunga mdomo, na masikio anayafunga mwenyewe, ili nipate nafasi ya kusema nipendavyo.

"Mama Njeri, keti," nikamwambia. "Hii hujaisikia."

Akaketi, na jagi mapajani.

Nikawaambia nilikuwa msaidizi wa mpishi. Nikawaambia siku kuni zilipolowa na maharage yakakataa kuiva, vijana wamepanga foleni na sahani, mkuu wa kambi anakuja. Nikawaambia fisi wa maganda ya viazi na jinsi nilivyopanda juu ya pipa la unga. Walicheka. Walidhani ni utangulizi, wakawa wanamngoja chui. Chui hakuja. Wakacheka tena.

"Na hao vijana walikuwa wangapi?" Mama Njeri akauliza.

Nikasema mia nne.

Mwajuma akakohoa.

Mia mbili, nikasema. Na kidogo.

Tumerudi kwa treni mapema. Kesho sufuria. Kadi tano za Alhamisi nimezibandika hapa chini kwa gundi iliyobaki. Ile mbaya ni ya tatu.