Kaka Singano Hajibu Tena Maswali ya Miti

Jumapili. Baridi ya Juni. Ukungu haujanyanyuka tangu alfajiri na nguo nilizofua juzi bado zina maji kwenye kamba. Nimeingiza jiko la mkaa ndani, nimeacha mlango wazi kidogo, na ninaandika kwa mkono nikiwa nimevaa koti. Kesho nitapita kafe ya intaneti nichape.

Nimechoka, na kulala hakujasaidia.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa jiografia, kwetu Muheza, nililetwa Lushoto na barua ya ajira na nikazoea. Nyuma ya nyumba niliyopanga kulikuwa na mti wa plamsi uliozeeka. Nilitaka kuukata. Aliyenizuia ni kaka Singano, mkulima mdogo wa chai kutoka upande wa Mponde, aliyekuwa amemletea jirani yangu samadi. Aliniazima kisu chake, akaniletea tawi la mti mwingine, akanionyesha namna ya kubebesha: unachonga kikonyo, yaani kijiti chembamba cha tawi lile, unakipachika kwenye shina la mti ulio nao, unafunga kwa nailoni, unasubiri viungane. Mwaka uliofuata nilikula plamsi ambazo sijawahi kuonja mfano wake. Tangu hapo mimi ni mgonjwa wa miti.

Baadaye tukaanzisha jukwaa mtandaoni. Tulikuwa wasimamizi watatu: mimi, Singano, na Joyce wa Dar es Salaam, anayefanya kazi benki na kupanda malimao kwenye ndoo. Halikuwa la kutafuta faida. Watu waliuliza, wenye kujua wakajibu.

Kusema kweli mwenye kujua alikuwa mmoja. Singano alishuka mjini siku za gulio, akauza alichouza, kisha akaingia kafe na kuchapa majibu kwa kidole kimoja. Alijibu watu wa Iringa, wa Arusha, wa Mbeya. Aliandika kama anavyoongea, hana haraka, anauliza kwanza udongo wako una rangi gani. Kuna bwana mmoja wa Bulwa, kibarua kwenye shamba la chai, alimuuliza maswali msimu mzima. Singano akafika mahali pa kumfungia vikonyo kwenye magazeti yaliyolowekwa na kuvituma kwa basi. Vilifika. Tulijua vimefika kwa sababu kondakta alituambia. Bwana wa Bulwa hakuandika tena.

Hakuwa peke yake. Wengi walikuja hivyo. Mtu anajisajili asubuhi, mchana anauliza, jioni analalamika hajajibiwa, akijibiwa anatoweka. Huwezi kumpata tena hata ukimuuliza habari za mti wake mwenyewe.

Kabla ya Pasaka Joyce akaleta pendekezo. Mgeni asiruhusiwe kuuliza mpaka kwanza achangie kitu: picha ya bustani yake, jambo alilojaribu, hata kosa alilofanya. Aliandika kwamba enzi za kujitolea zimepita, siku hizi kila kitu ni soko huria, mashamba yamebinafsishwa, simu ni za makampuni, hata maji ya bomba yana bei, kwa nini elimu ya Singano iwe ya kuokota? Singano akamuunga mkono kwa sentensi moja. Mimi nilisema hapana. Niliandika kwamba mgeni hana cha kuchangia, ndiyo maana ni mgeni. Nikaandika pia kwamba mimi nilianza na kisu cha kuazimwa na hakuna aliyenidai mchango.

Nilikuwa nimeandika vizuri sana. Wanachama waliosoma wakapiga kura upande wangu na pendekezo likafa.

Singano hakubishana. Aliacha tu kuingia.

Jumatatu iliyopita kukaja swali. Mwandishi alijiita Agnes, fundi cherehani wa Soni, karibu na soko. Alieleza kwamba amechapishiwa na dada wa kafe. Ana mti wa peasi uliopandwa na marehemu mume wake, na gome linaoza na kutoa utomvu mweusi. Mume alileta mche huo kutoka kwa padri mmoja mzee aliyekwisha kufa, na aina yake haionekani tena popote. Afanye nini?

Nililisoma mara kadhaa. Sijui magonjwa ya peasi. Joyce hajui. Wanachama waliopita pale waliandika "pole dada" na mmoja akashauri majivu, kama anavyoshauri kwa kila kitu.

Jana, Jumamosi, nikapanda kwenda Mponde.

Nilimkuta Singano kibandani, akijaza udongo kwenye mifuko ya miche. Nilimsalimu kwa Kishambaa changu cha kuokoteza, "Onga mshi, kaka," naye akaitikia, akanivutia kigoda, akamwita mkewe alete chai. Mama Salehe alitoka polepole, mkono mmoja ukishika ukuta. Mwaka jana mwishoni alilazwa muda mrefu. Nilikwenda kumwona mara mbili na nilidhani amepona. Amekonda sana.

Tulikunywa chai. Nikamweleza habari za Agnes. Alisikiliza huku akipiga mifuko chini ili udongo ushikamane.

"Amewahi kuandika nini huko kabla ya hili?" akauliza.

"Hajaandika kitu. Ni mgeni."

"Basi kesho atakuwa mgeni wa mahali pengine."

"Inawezekana. Lakini mti utakufa, kaka."

"Miti inakufa, mwalimu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nikamwambia najua amekasirishwa na kura yangu. Akatikisa kichwa.

"Wewe ulisema kweli. Mgeni hana cha kutoa. Mimi sikutaka vitu vyao." Akajaza udongo mfuko mwingine. "Mama Salehe alipolazwa nilikaa naye kule hospitali, sikuingia kafe kabisa. Niliporudi nikafungua. Mada zimejaa. 'Singano mbona kimya.' 'Singano maswali yetu yanaoza.' Mmoja kaandika kama umechoka sema tutafute mwingine. Nilishusha mpaka chini kabisa nikitafuta mtu aliyeuliza tu, huyu mzee yuko salama? Hakuna."

"Mimi nilikuja hospitali."

"Ulikuja. Ndiyo maana unakunywa chai."

Nilitazama nje, chai ya jirani imeshuka bondeni hadi inapotelea kwenye ukungu. Nilifikiri juu ya ile hoja yangu nzuri. Nilikuwa nimemtetea mgeni kwa nguvu zote na sikumfikiria mwenyeji. Nilidhani elimu ni kama mwanga wa taa, ukimpa mwenzako wako haupungui. Elimu yake haikupungua, ni kweli. Alichokuwa anatoa ni siku za gulio, macho yake mabovu, na kidole kimoja.

Mama Salehe ndiye aliyekata shauri. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. "Nenda kaangalie huo mti," akamwambia mumewe. "Si kwa ajili ya hao wa kompyuta. Una uso huo huo tangu Pasaka, utanitia ugonjwa mwingine."

Tukaenda kwa pikipiki yake. Barabara ilikuwa na utelezi na mimi nilifumba macho kwenye kona zote mpaka Soni.

Agnes tulimpata kibarazani kwake, anashona sare za shule. Ni mdogo kuliko nilivyomfikiria. Alisema wazazi wake walitoka Singida kufanya kazi mashamba ya chai na yeye amezaliwa huku huku. Alituamkia shikamoo, akatupeleka nyuma ya nyumba bila kuuliza mengi, kama mtu aliyeita fundi bomba na fundi amefika.

Singano aliuzunguka mti. Akapiga magoti, akakwangua gome kwa ncha ya kisu, akanusa. Ndani palikuwa pekundu kama nyama iliyokaa. Aliendelea kukwangua kuzunguka shina, akitafuta mahali ambapo panarudi kuwa kijani. Hakupapata.

"Donda limeshika shina lote," akamwambia. "Hautapona."

Agnes hakulia. Alishika tawi lililokuwa karibu na uso wake. Akauliza, "Hata dawa?"

"Hata dawa. Ungeniita mwaka jana." Akaangalia juu. "Lakini lile tawi la juu bado zima, na majani yameshapukutika. Huu ndio wakati. Nikikata vikonyo pale nikavibebesha kwenye miche yangu, utakuwa ni mti huu huu. Mizizi mingine, lakini tunda ni la mumeo."

Kwa mara ya kwanza Agnes alimtazama usoni.

Singano alipanda, akakata, akashuka na fungu la vijiti ambavyo mtu asiyejua angewashia moto. Akavifunga kwenye kitambaa kilicholowa alichopewa na Agnes, mabaki ya sare. Kisha akamwambia jambo ambalo sikulitegemea.

"Kesho ukitoka kanisani njoo kwangu Mponde. Tutabebesha pamoja. Utashika kisu mwenyewe."

"Kesho?" Agnes akageuka kuangalia rundo la sare barazani. "Shule zinafunguliwa Jumatatu, baba. Wenye nguo zao wananisubiri. Wewe si unaweza tu? Ukimaliza utaniambia nije kuchukua."

Nilimwangalia Singano. Nilitaka kusema kitu kwa niaba yake, na nadhani ningesema vibaya.

"Njoo," akarudia. "Sitaki chochote. Njoo tu."

"Nitaangalia," akasema Agnes.

Wote tunajua maana ya nitaangalia.

Tukarudi. Aliniacha njia panda ya Lushoto, akageuza pikipiki. Fungu la vikonyo lilikuwa ndani ya koti lake, upande wa kifuani.

Leo nimeshinda na jambo hili. Nimejaribu kuliweka sawa na halikai. Joyce anasema wageni walipe kwa mchango, lakini nikimwangalia Agnes sioni angechangia nini mwezi wa sita, mti unaoza na sare hazijaisha. Kanuni ya Joyce ingemfungia mlango na peasi ya yule padri ingekwisha duniani bila mtu kujua. Hapo bado nina hakika na kura yangu. Lakini kanuni yangu mimi nayo ilikuwa inamla mtu mmoja polepole, na kwa kuwa mtu huyo hapigi kelele niliita hali hiyo ukarimu.

Mwenye kutoa bure naye ana mgonjwa nyumbani.

Kisha nikawaza kwamba Agnes pia hana ubaya. Hajui kwamba kuna watu mia mbele yake waliokuja na kuondoka. Kwake ni mara ya kwanza kuomba. Kila mmoja wao ilikuwa ni mara ya kwanza. Ni Singano tu ambaye kwake ilikuwa ni mara ya mia.

Jioni hii, jua likiwa limejitokeza kidogo kabla ya kuzama, nilimpigia simu.

"Unataka kujua kama amekuja," akasema hata kabla sijamaliza salamu. "Hajaja."

"Kaka—"

"Nimeshabebesha mwenyewe. Nilisema nitamsubiri hadi adhuhuri. Adhuhuri ikapita, nikasema hadi saa tisa. Vijiti vinakauka, mwalimu, havijui nani amekuja na nani hajaja. Nimefunga sita. Labda vinne vitashika."

"Sikupiga kwa ajili ya vijiti."

"Sasa ni mti gani tena?"

"Hakuna mti. Nimepiga kukujulia hali. Jana nilimwona Mama Salehe anashika ukuta, nikaona haya kuuliza mbele yake. Anaendeleaje?"

Kwa mbali nilisikia kuku, na mlango ukifungwa. Nadhani alikuwa anatoka nje ili asisikike.

Kisha akaanza. Alinieleza kuhusu mguu wa mkewe unaokufa ganzi, dawa anazotupa akidhani mumewe haoni, usiku anapomwamsha amgeuze. Alinieleza kwamba binti yao wa Tanga anataka kumchukua mama na mama hataki kuacha shamba. Alisema anaogopa. Sijawahi kumsikia mtu yule akisema neno hilo. Sikuwa na ushauri wowote na sikujaribu kuutafuta. Niliitikia tu, "ndiyo kaka," "enhe," "pole kaka," na yeye akaendelea, akaongea kwa namna ile ile ya kutokuwa na haraka ambayo watu wa Iringa na Mbeya walikuwa wakiisoma kwenye kompyuta bila kujua ni ya nani.

Aliongea mpaka salio langu likakata.

Sasa giza linaingia na mkaa umekuwa majivu. Sijui nitaandika nini jukwaani. Najua yapo maswali mapya yananisubiri, na sidhani kama nitamwomba Singano arudi. Pengine nitawaambia wanachama kwamba mzee wetu amepumzika na hana deni na mtu, halafu nione nani atauliza amepumzika kwa sababu gani.

Kesho nikitoka darasani nitaongeza salio kwanza. Kafe itafuata.