Pampu ya Sammy na Wafalme Watatu

Jumapili, 3 Machi 1996. Masara.
Sammy ni ndugu yangu wa tumbo moja lakini leo ningemzaba kofi! Amecheza poka na Gisiri, akaweka pampu yetu ya maji mezani. Imeenda. Bila pampu shimo letu la dhahabu ni kisima tu, na mvua ndiyo hiyo inakuja. Tusipochimba, mwenye shamba atampa mtu mwingine.

Nikakaa mezani mimi mwenyewe. Wakacheka – Benta ni wa kununua dhahabu, poka anaijulia wapi? Nikapata kopa tupu, zote tano! Nikaweka vumbi la dhahabu, uzito wa kijiti kimoja cha kiberiti, Gisiri asishtuke. Akalipa kijiti kimoja. Basi! Karata ya kujenga nyumba, nimepata ya chai.

Jumanne, 5 Machi. Homa Bay.
Nimemfuata mjomba Onyango. Zamani alipikia Wazungu wa kampuni ya madini, poka alijifunzia huko. Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. Akauliza, ukipata mwamba mzuri shimoni unafanyaje? Nikasema naufunika na tope, nachimba kidogo kidogo, majirani wasijue.

"Ndivyo unavyocheza, nyathina, mwanangu. Karata si mwamba. Kesho hutaikuta."

Kwa hivyo: ukiwa na kali, weka nyingi, tena mapema. Usijiulize kama atakimbia, jiulize anaweza kulipa ngapi. Na mtafute mtu asiyependa kutupa karata. Gisiri huyo! Hajatupa karata tangu azaliwe.

Ijumaa, 8 Machi. Masara.
Nimeweka vijiti vitano na takataka mkononi. Makusudi. Gisiri akalipa, akanionyesha jozi ya tisa. Kelele! Eti Benta amerukwa na akili. Chekeni tu. Imeniuma, lakini sasa anaamini nikiweka nyingi nadanganya.

Na nimemsoma. Akiwa na mbovu anaimba imba puani, hata na zile tisa aliimba. Akiwa na nzuri, kimya.

Jumapili, 10 Machi. Saa tisa mchana.
Naandikia hapa hapa mezani. Wafalme watatu na saba mbili! Mimi!

Sikuficha. Vijiti kumi, pwaa! Gisiri alikuwa amebadilisha karata moja tu. Akalipa. Nikaweka mizani yangu ya kazi, ile inayonilisha. Nikamwambia, lipa na pampu.

Meza ya Masara hairuhusu kubeti kwa mdomo, kitu lazima kionekane. Nilidhani atatafuta kisingizio. Akasimama. "Ngoja hapo hapo, dada Benta." Ameenda kuileta. Karata zake zimefunikwa, jiwe juu, na Matiko mwenye hoteli anazilinda.

Sammy ameshika kichwa. Nimemwambia aache uoga, pampu inakuja yenyewe. Nimefanya kila kitu mjomba alisema. Kinachoweza kunipiga ni kidogo sana. A tatu na jozi, au nne za aina moja... Nani hupata hizo?

Mkokoteni huo! Pampu iko juu, ya bluu, ile ile. Gisiri anausukuma mwenyewe, jasho linamtoka. Watu wanamtania, leo Benta anakumaliza. Hajibu.

Nimewaambia wanyamaze kidogo. Nataka kusikia ule wimbo wa puani.

Gurudumu tu linalia.