Uyoga wa Barbro

Spånga, Stockholm
Jumapili, 11 Oktoba 2009

Dada yangu mpendwa Nyamizi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana ukiisoma umesimama, goti lako litanilaumu mimi. Linaendeleaje hilo goti? Na ile dawa ya kuchua ilikufikia, au imeishia migongoni mwa watu wengine hapo Ipuli? Wasalimie wote, wakubwa kwa wadogo, na Wamoraviani wenzangu wanaonikumbuka.

Barua yako ya Agosti niliipata. Umesema nyumba imekwisha kupakwa rangi, kwamba chumba kikubwa umeniwekea mimi, na godoro bado liko ndani ya nailoni yake ili niwe wa kwanza kulilalia nitakapokuja Desemba kukaa moja kwa moja. Nimeisoma mara nyingi. Kila nikifika kwenye godoro naikunja na kuirudisha kabatini.

Mwili wangu ni mzima. Kichwa ndicho sikielewi. Ningepiga simu, lakini wewe hunikatiza maneno tangu tukiwa wadogo, na haya nataka niyafikishe mwisho.

Unajua nimestaafu tangu Juni. Miaka yote niliyokuwa fundi lifti kule Kista, majira haya ya majani kupukutika, ambayo wenyewe huyaita höst, niliyachukia. Natoka nyumbani gizani, narudi gizani, na katikati nimo ndani ya shimo la lifti ambamo jua halijulikani wala mvua. Marehemu mke wangu Emérithe alikuwa akifunga mapazia mwezi wa tisa, ukitaka kuyafungua mpaka ungoje Pasaka. Mwaka huu ndipo nimeyaona majira haya kwa macho yangu mwenyewe. Na usinicheke, dada, yamenipendeza. Miti inageuka rangi ya manjano, hewa inanukia udongo mbichi, na mimi mtu mzima nasimama dirishani na kikombe mkononi kama niliyeambiwa nilinde majani yasiibwe.

Aliyeniponza ni jirani. Anaitwa Barbro, mjane, mwalimu mstaafu, anakaa ghorofa ya chini yangu. Mwishoni mwa Agosti aligonga mlango akaomba nimsaidie kushusha stoo vyungu vyake vya maua kabla ya baridi. Nikashusha, akaninywesha kahawa kwa mikate ya mdalasini. Kesho yake akanikabidhi kisu nimenye matufaha. Siku iliyofuata tukachemsha jemu ya vitunda vyekundu vya porini, vikali hivyo, huwezi kuvila bila kufumba jicho moja. Jioni anawasha mishumaa, anafungua redio, anafuma. Akaniuliza mikono yangu inafanya nini pale magotini. Basi nami nafuma, dada. Nimemaliza soksi moja. Inès alipokuja kutoka Sundbyberg akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia kwa Kiswidi chake kwamba baba yake amekuwa bibi.

Sasa sikiliza. Siku moja Barbro akanichukua porini. Tulipanda basi, tukashuka, tukatembea. Lakini mwendo wenyewe! Anakwenda mbele, anazunguka, anarudi nyuma, anatazama kama kuna mtu. Nikasema moyoni, masikini, akili imeanza kumtoka huyu mama. Mara akainama, akainua matawi ya msonobari. Chini yake kulikuwa na uyoga wa manjano, umetapakaa. Nyamizi, ni ule ule. Ule wetu wa miyomboni, wenye ukingo wa mawimbi na harufu ya tunda bivu, ambao wewe ulinifundisha kuuchuma bila kuung'oa na udongo. Nikapiga magoti nikalia. Halafu nikafanya tulivyofanya siku zote, nikafungua kinywa nipige yowe la kuita watu. Barbro akaniziba mdomo kwa kiganja.

Nilidhani ni heshima ya msitu tu. Hakunieleza, nami sikuuliza.

Jumapili iliyofuata nikamsimulia Ndayisaba, yule Mrundi wa kwaya niliyekuandikia habari zake. Baada ya ibada tukaenda, yeye na mkewe na nusu ya kwaya, na mabeseni na sufuria, tunaimba njia nzima. Tulichuma hadi msitu ukabaki mweupe. Watu walinishukuru kama niliyewaleta Kanaani. Jioni nikamjazia Barbro ndoo nzima, nikampelekea mlangoni, najiona mtoto mwema. Akaitazama ndoo. Akauliza tumeupata wapi. Nikamwambia pale pale pake, na kwamba wote wamemwombea baraka. Alisema asante kwa sauti ndogo, akafunga mlango. Ndoo aliiacha nje.

Inès ndiye aliyenifumbua macho. Kwa Kiswidi tena, na safari hii bila kucheka. Alisema watu wa huku mahali pao pa uyoga hawamwonyeshi mtu. Wengine hawawaonyeshi hata watoto wao, wanakufa napo. Msitu ni wa kila mtu, sheria inaruhusu yeyote kuchuma, lakini mahali ni siri ya mwenyewe. Pale Barbro alipewa na mama yake. Inès alikuwa ameongea naye ngazini, akaambiwa hata marehemu mumewe hakuwahi kupaona.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kitu hakina mwenyewe, lakini nimekiiba. Nimegawa chakula kama nilivyolelewa, lakini nimekosa adabu. Nikamweleza Ndayisaba nikitaka anitulize, naye badala yake akauliza: kama mume hakuonyeshwa, wewe ulionyeshwa kwa nini? Akacheka kicheko chake kile. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Nilikwenda kuomba radhi, mlango haukufunguliwa. Nikaenda tena. Nikisikia hatua zake ngazini natoka, nakuta ameshapita. Siku zikazidi kuwa fupi, mvua ikawa ile ya kunyunyiza kutwa. Nikawasha mshumaa wangu mwenyewe, nikafungua redio ile ile, nikajaribu soksi ya pili. Kisigino kilinishinda. Dada, tangu Emérithe afariki nimekaa peke yangu na sikuwahi kulalamika, wewe ni shahidi. Sasa nilikaa pale na sindano zangu, upweke ukaniuma kama jino. Sikujua nalilia nini: jirani, au uyoga, au wewe na mimi miyomboni na kapu moja. Hata sasa sijui.

Alhamisi iliyopita mlango ukagongwa. Barbro amevaa mabuti. Hakutaja ndoo wala kwaya. Alisema twende. Kumbe ana mahali pengine! Huko kuna uyoga wa kahawia, mdogo, unaochelewa kuota. Lakini kabla ya kuingia msituni alisimama akanieleza jambo. Macho yake yanafifia. Majani ya manjano na uyoga wa manjano, siku hizi hawezi kuvitofautisha. Mwaka jana alirudi na kapu tupu kutoka mahali pa mama yake, akakaa kitandani akalia. Alisema ule tuliomaliza utaota tena mwakani, uyoga hauna kinyongo. Kisha akaniuliza kama majira kama haya mwakani nitakuwepo.

Sikumwuliza anataka macho yangu au ananitaka mimi. Pengine na yeye hajui. Dada, nimeanza barua hii kana kwamba naomba ushauri wako, na wewe umekuwa mama yangu tangu mama atutoke. Lakini maji yameshamwagika. Nilimjibu kwamba nitakuwepo. Nilisema kabla sijalikumbuka godoro, na nilipolikumbuka sikulirudisha neno.

Desemba nakuja, hilo halijabadilika. Nitalitoa godoro kwenye nailoni yake, nitalilalia, na mvua zikishika tutakwenda wote kuchuma, goti lako nitalibeba mimi. Lakini tiketi niliyokata ni ya kwenda na kurudi. Nimeikata Ijumaa. Nisamehe kwa kukuambia kwa karatasi. Ukilia, lia, ukinitukana, nitukane, ila usikigawe kile chumba.

Nakuletea uyoga wa kahawia uliokaushwa. Barbro ameufunga kwa kitambaa chake mwenyewe. Upike kwa karanga kama unavyojua wewe, uniambie una ladha gani, maana ulimi wangu siuamini tena. Aliuliza kama dada yangu ni mtu wa kutunza siri. Nikamwambia hapana, huyo akiona uyoga mmoja hupiga yowe mpaka kijiji cha pili wakatoka na makapu. Alicheka, mara ya kwanza tangu ile ndoo. Halafu akasema basi siku moja nikulete.

Inès anakuamkia, kwa Kiswahili, nimemlazimisha. Mungu akuweke mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, mwenye soksi moja,

Ephraim Mashauri