Ng'ombe Ambao Hawakuwepo Barabara ya Makuyuni

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Ajali ya barabarani iliyosababisha majeraha
Jina: Tabea Elisaria
Umri: Miaka 54
Kabila na dini: Mchagga, Mkristo wa Kilutheri
Kazi: Mfanyabiashara wa nguo za mitumba
Makazi: Sekei, Arusha
Yameandikwa: Tarehe 24 Septemba 1993, saa nne asubuhi
Mwandishi: Koplo Sakaya

Mimi ndiye Tabea niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa miguu yangu, kwa sababu tangu siku ile sipandi gari mpaka nimtazame dereva usoni, na wengi nikiwatazama nashuka. Nasema niliyoyaona mwenyewe. Nilikaa kiti cha mbele, ubavuni kwa dereva, mahali ambapo hata asiyetaka kuona ataona.

Mnamo tarehe 16 Septemba mwaka huu, asubuhi, nilipanda basi dogo liitwalo Kesho Yetu hapa mjini, nikiwa na marobota yangu ya mitumba, niende mnadani Makuyuni. Dereva alikuwa Hans. Namfahamu tangu anatambaa, maana mama yake, Evaresta, ni jirani yangu Sekei. Basi ni la mjomba wake Ephraimu, mwenye duka la vipuri Ngarenaro. Kabla ya kupewa basi, Hans alikuwa akiuza kaseti. Siku hizi mambo ni ruksa: mwenye fedha analeta basi lililokwisha kuchoshwa na Wajapani, analipaka rangi, analitafutia jina zuri, kisha anamtafuta mpwa wa kuliendesha. Mimi pia nakula kwa ruksa hiyo hiyo, siikatai. Lakini shati la mtumba likichanika anaaibika mmoja tu.

Mpaka Kisongo Hans aliendesha kama mtu. Kuna kona, kuna watu, kuna punda. Balaa lilianza tulipoipita Meserani. Wewe unaijua ile njia, afande. Inanyooka na kulala bapa mpaka macho yanachoka, na kiangazi hiki unaona maji yanameta juu ya lami mbele yako, nayo si maji. Kona humtia mjinga adabu. Njia iliyonyooka humpa kichwa. Hans alilitoa basi upande wake akalipeleka katikati ya barabara, juu ya ule mstari mweupe, kama vile shamba la babu yake linapita hapo. Mkono mmoja ukawa kwenye usukani na mwingine unageuza kaseti. Lilipotokea basi jingine nyuma akalibania lisipite, kwa sababu atakayefika mnadani kwanza ndiye atakayepata abiria wa kurudi. Nilimwambia apunguze mwendo. Akasema barabara hii hata kipofu anaendesha. Nikamjibu kwamba naona, na ndiyo sababu ya woga wangu.

Tukiwa tumeiacha Meserani mbali, lilikuja lori kutoka Makuyuni. Dereva wake akatupigia taa, akawasha na kuzima, akawasha na kuzima, mchana mweupe.

Hapa nataka uandike sawasawa, afande, hata kama hupendi. Zamani dereva akikupigia taa maana yake mbele kuna hatari. Siku hizi hatari waliyonayo kichwani ni moja tu, nayo ni trafiki. Madereva wetu hawaogopi kufa, wanaogopa shati jeupe. Kwa hiyo Hans alipopigiwa taa alibadilika akawa mtoto wa Kipaimara. Alirudi upande wake, akapunguza mwendo, akazima muziki, akavaa kofia. Konda aliwaambia waliosimama wachuchumae wasionekane, na wote wakachuchumaa, watu wazima na mvi zao, na mwalimu mmoja mwenye tai. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mbele kuna kitu kingine. Tulikwenda hivyo kwa ustaarabu mkubwa mpaka kwenye kalvati lenye mgunga, mahali ambapo trafiki hupenda kusimama kwa ajili ya kivuli. Hapakuwa na mtu.

Hans alicheka, akasema wamekwenda kunywa supu. Waliochuchumaa wakasimama, wakacheka pia. Kisha akakanyaga mafuta ili aufidie muda aliopoteza kwa kuwa mwema.

Ikaja pikapu. Nayo ikatupigia taa, na dereva wake akatoa mkono dirishani akaupandisha na kuushusha, yaani taratibu. Hans alimpungia mkono kumshukuru, akaniambia huyo naye habari zake zimechelewa, kalvati tumeshalipita. Nikamwambia labda kuna jambo jingine. Alikuwa amekwisha kuirudisha kaseti.

Baadaye kidogo nikaona matawi barabarani. Yalikuwa ya mgunga, mabichi, yamepangwa upande wetu. Kila mtu anayesafiri anajua kwamba matawi hayo yanasema gari limekufa mbele. Lakini madereva wetu wakishatengeneza gari huondoka na kuyaacha pale pale, hawana mgongo wa kuinama, kwa hiyo barabara nzima imejaa matawi yanayosema uongo. Hans aliyakanyaga, akasema ni ya wiki jana. Majani yalikuwa yanang'aa kwa ubichi. Mbuzi angeona tofauti.

Mbele ya hayo matawi alikuwa amesimama mwanaume, katikati ya upande wetu, amevua shuka lake jekundu analipunga kwa mikono yote miwili. Baadaye nilijua kwamba ni Saruni, Mwarusha wa huko huko, baba wa watoto. Alikuwa peke yake. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mbuzi, hakuwa na hata mbwa. Kiunoni alikuwa na panga, ambalo ndilo alilokatia yale matawi. Hans alipiga honi ndefu, akasema kwa sauti, "Tumejaa."

Ndipo lile lililokuwa linameta mbele likageuka kuwa lori la mahindi lililovunjika ekseli, limesimama kwenye lami upande wetu, halina pembetatu, halina hata kitambaa. Lile basi jingine la nyuma lilikuwa limekwisha kuhamia kulia ili litupite, kwa hiyo kulia hakukuwa na nafasi. Hans alikata kushoto, akatoka nje ya barabara. Saruni naye alikuwa amerukia kushoto nje ya barabara, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili anayekimbia gari. Basi likamfuata huko huko. Likamgonga, likalala ubavu, na mguu wake ukabaki chini ya chuma.

Mimi nilivunjika mkono wa kulia. Wengine walichubuka. Nilitolewa kwa kioo cha mbele, nikawekwa chini karibu na Saruni, kama hatua chache, kwa hiyo niliyasikia yote. Hans alikuja mzima, hana hata mkwaruzo, akasimama juu yake. Saruni hakupiga kelele. Alisema, "Nilikuwa nawasimamisha. Hukuniona?"

Hans akajibu, "Nilikuona. Nilidhani unapanda."

Hayo ndiyo maneno, afande. Naomba uyaandike yalivyo. Mwalimu mwenye tai aliyasikia, na sasa nasikia hakumbuki. Elimu imemsaidia.

Polisi walipofika, Hans alikuwa ameshakaa na konda pembeni wakashauriana. Akawaambia ng'ombe waliingia barabarani ghafla, naye akawakwepa. Nilisema pale pale, nikiwa nimelala chini, ng'ombe gani? Yuko wapi aliyekufa? Ziko wapi alama za kwato, iko wapi hata samadi? Aliyekuwa anaandika aliniambia nipumzike, mama, nimeumia. Yaani Mwarusha akionekana karibu na barabara, ng'ombe wanaongezwa wenyewe kwenye maelezo kama chumvi kwenye mboga. Hata lile panga nimesikia limeandikwa fimbo ya kuchungia. Mtu alikata matawi ya kuwaokoa watu asiowajua, akaacha shughuli zake, akasimama juani kuzuia magari kwa shuka lake, kazi ambayo dereva wa lori alipaswa kuifanya na hakuifanya kwa kuwa alikuwa amelala chini ya lori lake kivulini. Huyo ndiye mliyemkamata, eti aliachia ng'ombe barabarani.

Nililazwa hospitali moja naye. Mguu wake umekatwa juu ya goti. Pembeni ya kitanda chake ameketi askari wa kumlinda asitoroke. Namuuliza huyo askari, atoroke na nini? Mke wake, Namnyaki, anakuja kila siku na maziwa kwenye kibuyu, na hajui vizuri Kiswahili, kwa hiyo mimi ndiye niliyemfafanulia kwa ishara na maneno machache kwamba mumewe ni mtuhumiwa. Alifikiri askari amewekwa kwa heshima.

Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, Namnyaki aliniambia kwamba Ephraimu amepeleka ujumbe nyumbani kwao kupitia kwa mwenyekiti wao wa kijiji. Ujumbe unasema kesi ikiisha, mifugo ya Saruni ndiyo itakayotengeneza basi. Wana ng'ombe wanne, afande. Ng'ombe ambao hawakuwepo barabarani watalipwa na ng'ombe waliopo zizini, na mwenye mguu mmoja atabaki anachunga upepo. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani leo. Mkono ungepona hata kama ningekaa kimya.

Juzi jioni Ephraimu alikuja kwangu Sekei pamoja na Evaresta. Walileta isale. Wewe si mtu wa Uchagani, kwa hiyo nikueleze: hilo ni jani la kuombea msamaha, na kwetu ukiletewa jani hilo hukatai, hata kama aliyeuawa ni mwanao. Ephraimu alilishika kwa mikono miwili, akasema wamekuja kwa ajili ya mkono wangu. Evaresta alikuwa analia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, yule mama hana kosa. Nikalipokea. Nikasema Hans nimemsamehe.

Ephraimu alishukuru, akanywa chai. Kisha akasema kwa kuwa sasa yamekwisha, polisi wakiniuliza niseme nilikuwa nimesinzia. Jani lililopatanisha koo zilizouana, ambalo babu zetu walikuwa hawaligusi na moyo mchafu, yeye amelichuma uani kwake kulifanya hongo. Nilimwambia, "Mkono ni wangu, nimeusamehe. Mguu wa Saruni si wangu. Mpelekee yeye hilo jani."

Hajampelekea. Leo asubuhi kabla ya kuja hapa nilipitia hospitali nikamuuliza Namnyaki. Hajaona mtu wala jani, ameona askari tu.

Niliyo nayo yameishia hapo. Koplo amenisomea yote, ni maneno yangu, isipokuwa sehemu mbili alizotaka kulainisha nikamwambia azirudishe.

Alama ya dole gumba la kushoto: Tabea Elisaria
(Shahidi anajua kuandika. Mkono wa kulia umefungwa hogo.)

MAELEZO YA MWANDISHI

Nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, kwa hiari yake, akiwa na akili timamu. Alipomaliza aliuliza kama sasa yule askari ataondolewa kitandani kwa Saruni. Nilimweleza kwamba jalada litapelekwa kwa Mkuu wa Kituo, naye yuko safarini hadi Jumatatu, hivyo aende nyumbani akapumzike. Shahidi alisema atasubiri. Nilimweleza kwamba leo ni Ijumaa. Akasema anajua siku.

Ninapofunga maelezo haya ni saa kumi na moja jioni. Shahidi bado amekaa kwenye benchi la mapokezi.

Koplo Sakaya