Alama ya Chaki kwenye Mguu wa Kushoto wa Ndege

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Tabora, Jumanne tarehe 14 Julai 1953, saa nne asubuhi.
Jina: Kasimiri Mahona. Umri: miaka 36. Kazi: msaidizi wa fundi, uwanja wa ndege. Makazi: Kitete.

Asubuhi hii Sajini Shaban amenisomea maelezo ya msaidizi mwenzangu, Marko Yoramu. Anasema siku ya ajali ndege haikuwa na alama yoyote ya chaki, na kwamba mimi ndiye niliyekagua magurudumu nikasema ni mazima. Si kweli. Marko ni shemeji yangu, amemwoa mdogo wangu Veneranda. Kazi hiyo nilimwombea mimi, nikamfundisha mimi.

Sisi wasaidizi haturuhusiwi kuandika katika daftari la ndege. Anayeandika ni fundi mkuu, Bwana Prentice, peke yake. Tukiona hitilafu tunamwambia kwa mdomo, kisha tunachora msalaba wa chaki mahali penyewe. Aliyechora ndiye anayefuta, matengenezo yakiisha.

Mnamo tarehe 9 Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliona mafuta yakitona kwenye mguu wa kushoto wa ndege ya Kigoma. Ni mafuta yanayosukuma magurudumu yashuke. Nilichora msalaba, nikamwita Bwana Prentice. Marko alisimama nasi. Bwana aligusa mafuta kwa kidole, akasema, "Itakwenda na kurudi. Tutaitazama jioni."

Nilikwenda stoo kuchukua kopo la mafuta. Niliporudi nilimkuta Marko anafuta msalaba kwa kitambaa.

"Shemeji, unafuta kitu gani?"

"Nafuta nilichoambiwa nifute. Au unataka ndege ilale hapa tuilishe majani?"

Wapagazi wa mizigo walicheka. Na mimi nilicheka. Ndege iliruka saa moja na dakika kumi.

Ilirudi saa saba kasoro robo mchana. Mguu wa kulia ulishuka, wa kushoto haukushuka. Rubani alizunguka juu ya uwanja mara nne, kisha akatua kwa mguu mmoja. Bawa la kushoto liligonga ardhi, ndege ikageuka, ikaingia mtaroni. Rubani aliumia bega. Mzee Nabhan bin Ghalibu, mfanyabiashara wa hapa mjini aliyekuwa abiria, tulimtoa akiwa hai. Alifariki siku ya pili. Nimeelezwa kwamba naweza kushtakiwa kwa kifo chake.

Jumapili, baada ya misa, Marko alikuja kula kwangu. Aliomba mboga mara ya pili. Nilimwambia, "Shemeji, wakikuuliza, sema ulichokiona tu." Akajibu, "Nitasema nini kingine?" Leo nimeonyeshwa tarehe ya maelezo yake. Aliyatoa Jumamosi.

Sina karatasi ya kuonyesha. Niliyoyasema hapa nimeyasema kwa hiari yangu, na ndiyo yote ninayoyajua.

(Sahihi) Kasimiri Mahona

Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni sahihi. Nilimuuliza kama anataka neno "shemeji" liondolewe. Alisema libaki, kwa kuwa dada yake Veneranda bado yumo katika nyumba ya Marko. Shahidi na Marko Yoramu watafika mbele ya Hakimu Jumatatu tarehe 20 Julai 1953, saa tatu asubuhi.

(Sahihi) Sajini Shaban