Kura ya Nyumba ya Mama

11 Septemba 2011

Dada Ināra,

Habari za Norwei na hao watoto? Huku hatujambo, ila mgongo wangu unaniuma na wifi yako Dzintra anasema ni uvivu tu. Samaki wakavu walifika. Madara aliwamaliza, mimi nimeambulia harufu.

Nisikufiche, nina shida. Unajua boila ya kupasha joto majengo yetu huzimwa Mei, na boila ikizimwa na mshahara wangu umezimika. Kiangazi chote nimeokota uyoga na kutengeneza nyua za watu. Moto ukiwaka napata mshahara wa lati mia mbili na kumi mkononi. Hapo sabini zinarudi kulipia joto la nyumbani kwangu, joto nililolipika mwenyewe. Cheka tu. Bado chakula, bado nauli ya Madara ya shule, na viatu vyake vya baridi vimefungua mdomo.

Majengo mengine mawili yamekubali moto uwashwe mapema. Limebaki letu, na kwa vile ndilo kubwa, kampuni haiwashi bila sisi. Tarehe 25 wenye nyumba tunapiga kura: mwanzo wa Oktoba, au tungoje Novemba. Tangu mama afariki, nyumba yake ni yako. Niandikie karatasi ya idhini nipige kura yake.

Mdogo wako,
Guntars

19 Septemba

Mdogo wangu,

Afadhali mko wazima. Mimi vidole vimekufa ganzi kwa kusafisha samaki, lakini nipo. Pole na hayo ya kazi.

Karatasi hii hapa, nimetia sahihi. Ila sikiliza: kura ya mama iende na ya jirani yake Bibi Velta. Amenipigia simu. Pensheni yake ni lati mia na arobaini, na moto ukishawaka hawezi kuukataa wala kukwepa bili yake, mabomba yanapita kwake kama kwa wengine. Anaomba mwezi mmoja tu wa kupumua, makoti anayo. Huyu ndiye aliyemlisha mama kwa kijiko mimi nikiwa huku na wewe ukiwa zamu. Nimeshamwahidi.

Ukipungukiwa sema, nitatuma chochote.

Dada yako,
Ināra

10 Oktoba

Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Uzima upo, baridi nayo imeingia.

Boila inawaka tangu tarehe tatu. Kura zilikuwa kumi kwa tisa. Watu wanapenda joto, utafanyaje. Madara kapata viatu vya kahawia vyenye manyoya ndani, ukimwachia atalala navyo. Uyoga ulikuwa mwingi mwaka huu, Dzintra amejaza chupa thelathini. Bomba la jikoni kwa mama lilikuwa linavuja, nimelitengeneza.

Bibi Velta hajambo, nadhani. Zamu zimenibana, sijampitia.

Usitume kitu, tunajiweza.

Mdogo wako,
Guntars

2 Novemba

Guntars,

Natumai mgongo umepata nafuu.

Velta amenipigia. Hakunilaumu hata kidogo. Kasema ananielewa, mtu akikaa mbali husahau. Kasema karatasi ya mama iliinuliwa upande wa moto, na kumbe ingeinuliwa upande wao wangeshinda wao.

Karatasi ilikuwa mkononi mwako. Nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nikamwambia ndiyo, ni mimi niliyetaka, eti nilidhani nitakuja na watoto Oktoba. Labda ni kwa sababu akianguka kwenye ngazi wewe ndiye utakayemnyanyua, si mimi. Lakini sitaki kuubeba uongo huu. Nenda kamwambie ukweli. Ukishamwambia, ndipo uniandikie.

Dada yako,
Ināra

15 Januari 2012

Dada Ināra,

Hata kukuuliza hali naona haya. Ulisema niandike nikishamwambia, ndiyo maana nimekaa kimya.

Naapa nilikwenda kwenye kura ile nikiwa na nia ya kufanya ulivyosema. Velta alikaa mstari wa mbele yangu. Walipouliza nani anataka moto, nikainua mkono wangu, kisha nikainua na karatasi yako. Nilikuwa nawaza viatu. Ningeweza kukuomba wewe, lakini niliona aibu kula pesa za dada. Aibu yangu hiyo nimemlipisha Velta. Dzintra anasema ameuza cherehani yake alipie joto. Nikiongeza kuni namwona yeye, na siwezi kuzipunguza, joto linapimwa kila saa.

Jana nilikata shauri nikitoka zamu nipitie kwake. Akanitangulia. Alikuja mwenyewe kwenye chumba cha boila na vimkate vya nyama vikiwa vya moto, amevifunga kwa taulo, kwa kuwa amesikia mgongo unanisumbua.

Nikasema, "Bibi Velta, nina neno."

"Najua, mwanangu, ni la dada yako. Usimkasirikie. Anayelipwa pesa za Norwei hawezi kujua sisi huku tunavyojibana."

Nikasema, "Kweli, hawezi kujua."

Akavuta kiti karibu na boila, akaota moto. Mimi nikala vimkate vinne.

Guntars